Joto Kidogo Tu

Siku ile tulikuwa watu watano. Nawataja mwanzoni kabisa kwa sababu siku hizi kila ndugu yetu huisimulia habari ile kama aliyekuwepo, na wengi wao saa ile walikuwa Kibiti wakiokota korosho zao.

Alikuwepo mdogo wangu wa kike, mgonjwa mwenyewe, wa miaka kumi na tisa. Alikuwepo shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aliyesafiri na chupa ya chai kutoka Ikwiriri kwa sababu haiamini chai ya Dar es Salaam. Alikuwepo muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliyemwekea mgonjwa kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa, mkononi kisha akaitwa wodini. Alikuwepo mtaalamu wa picha, kijana wa miwani, ndiye mwenye mashine. Na nilikuwepo mimi, kaka mkubwa, niliyeshika faili na sikutaka mtu mwingine alishike.

Nianze na hilo la kushika faili.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne, mama nikiwa darasa la sita. Tulibaki wanne, huko deltani upande wa Kiongoroni, na huyu ninayemsimulia alikuwa bado hajamaliza kuota meno. Wazee walikaa kikao cha kutugawa: wawili waende Utete kwa mjomba, mmoja Ikwiriri kwa shangazi, mimi nibaki na babu mdogo. Nikakataa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikasimama mbele ya watu wazima nikasema hawa hawagawanywi, nitawalea mwenyewe. Wengine walicheka. Shangazi hakucheka. Alisema, "Basi kuanzia leo wewe ndiye baba yao. Usije ukaniambia umechoka."

Sijamwambia mpaka leo.

Shule niliiacha wiki ileile. Mdogo wangu nilimlea dunguni, kwenye kibanda cha juu cha kulindia mpunga, mimi nikipiga debe kufukuza ndege na yeye amelala ndani ya tenga. Nilikata boriti za mikoko, nililima, nikajifunza ufundi wa pikipiki kwa kumshikia fundi mwingine spana, mpaka tukahamia Kibiti na mimi nikafungua banda langu kando ya barabara kuu. Wadogo zangu wote watatu walisoma kunizidi. Waliniita kaka, lakini walinijibu kama anavyojibiwa baba, macho chini.

Na baba, kwetu, ana mambo yasiyomhusu. Mdogo wangu alipovunja ungo sikuambiwa waziwazi. Shangazi alikuja asubuhi, akaingia naye chumbani, akatoka mchana akaniambia, "Baba, mwanao anataka kanga mbili." Nikaelewa, nikaenda dukani. Hayo ndiyo mazungumzo pekee niliyowahi kuwa nayo kuhusu mwili wake, na yalipita kwa shangazi.

Alianza kuishiwa pumzi akiwa kidato cha pili. Tukasema ni upungufu wa damu, akala matembele. Akaanza kuanguka. Mara ya kwanza alianguka kisimani, mara ya pili kwenye harusi ya jirani, na mara ya tatu nikamchukua mpaka Dar es Salaam bila kumuuliza mtu. Wakampima kwa eko, ile mashine ya kupaka mafuta baridi kifuani, na daktari akatuita sote ndani, pamoja na shangazi aliyekuwa ametufuata. Akasema vali moja ya moyo, ile inayotoa damu kwenda mwilini, imeganda na kubana. Lazima itolewe, iwekwe nyingine.

"Moyo nao una vali?" shangazi aliuliza. "Kama baiskeli?"

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Katika ukoo mzima mimi ndiye peke yangu niliyejua vali ni nini. Nimefungua injini ngapi! Nikamweleza shangazi pale pale kwamba injini ikibanwa vali haipumui, inachoka, mwishowe inazimika barabarani. Daktari akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Kaka yenu anaelewa." Tangu siku ile, kila kilichosemwa hospitalini kilisemwa kwangu, nami nikaona ni haki yangu.

Daktari alituambia pia jambo ambalo ndilo lililobeba kila kitu. Mdogo wangu alikuwa ameposwa. Mchumba alikuwa fundi uashi wa Ikwiriri, kijana mtulivu, na wazee wake walikuwa wamekubali kusubiri apone kwanza. Daktari akamuuliza kama anataka kuzaa. Aliinamisha kichwa, shangazi akajibu kwa niaba yake, "Sasa anaolewa akafanye nini?" Daktari akasema vali ziko za aina mbili. Ya chuma inadumu, lakini inataka dawa ya kulainisha damu kila siku maisha yote, na dawa ile na mimba havipatani. Nyingine imetengenezwa kwa nyama ya mnyama, haidumu sana, ila haimfungi na dawa ile, angeweza kuzaa kwanza. Hiyo ya pili ndiyo ilimfaa. Kulikuwa na madaktari wageni wanakuja kwa wiki moja kufanya upasuaji pamoja na wenyeji, na wangekuja nazo. Lakini yeye alikuwa na umbo dogo, na wageni walitaka kujua kabla hawajapanda ndege pete ya vali yake ina upana gani na mshipa ulio juu yake umetanuka kiasi gani.

"Eko inatukadiria," daktari alisema. "Siti skani itatupimia kwa milimita. Nikipata hizo picha Jumatano, Ijumaa nafunga orodha, na yeye yumo."

Milimita nilizielewa vilevile. Mimi mwenyewe hupima nafasi ya vali kwa kijibati chembamba kuliko ukucha.

Basi Jumatano hiyo tulifika alfajiri. Kwenye benchi, kabla hatujaitwa, mimi na shangazi tuligombana. Alitaka faili.

"Nipe mie nikae nalo. Huyu ni mtoto wa kike, mambo yake mengine yanataka mwanamke."

"Shangazi, fomu nimesaini mimi. Wataniita mimi."

"Nani kakukataza kuitwa? Nasema faili nishike mie."

"Utaliwagia chai."

Mdogo wangu alicheka kidogo, akiziba mdomo kwa mtandio. Shangazi hakucheka. Akasema, "Sawa, baba. Wewe ndiye unayejua," akageukia dirishani, na kutoka hapo hakuniongelesha. Wanaomjua shangazi yangu wanajua huwezi kumrudia mwenyewe upesi. Inabidi ukae, umnunulie kitu, ndipo uanze.

Tukaitwa. Mdogo wangu alivalishwa gauni la hospitali, lile la kufunga nyuma kwa kamba, akajifunika kanga juu yake. Muuguzi akamwekea kanula, akaitwa, akaondoka. Kijana wa miwani alijaribu kumweleza mgonjwa atakavyolala, lakini mdogo wangu alikuwa ameufunika uso na hamjibu. Mwanamume mgeni, na yeye binti yuko nusu uchi, angemjibu nini? Kijana akanivuta pembeni.

"Kaka, mweleze wewe, mimi hanisikilizi. Sikiliza vizuri. Tutampitishia dawa kwenye mshipa, ndiyo inayofanya mshipa uonekane. Ikiingia atasikia joto kali. Linaanzia kooni, linashuka kifuani, mpaka huku chini. Atadhani amejikojolea. Umenielewa? Atakuwa na hakika kabisa kwamba amejikojolea. Hajakojoa. Wote wanasikia hivyo, hata wazee, hata madaktari wenyewe. Mwambie asishtuke. Akijitikisa tu, picha imekwenda. Tuna sekunde chache, na dawa siwezi kumpa mara mbili, inalemea figo, na zake zipo mpakani."

"Nimekuelewa," nikasema.

Nilimwelewa kila neno. Nikatembea hatua kama sita mpaka kitandani. Mdogo wangu akafunua jicho moja kuniangalia. Nikaanza kwa lugha yetu ya nyumbani. Nikamwambia atalala chali, mikono juu ya kichwa. Nikamwambia atasikia sauti ikimwambia avute pumzi, aizuie. Nikafika penyewe. Nilitafuta neno. Nilitafuta la heshima, la kuzungukia, lile ambalo mtu anaweza kumwambia binti aliyemlea bila wote wawili kutamani ardhi ipasuke. Lipo, na shangazi analo, maana shangazi anayo maneno ya kila kitu. Shangazi alikuwa nje kwenye benchi, hatua ishirini. Ningetoka tu nikasema, "Shangazi, njoo, kuna jambo lako hapa." Hapo ningekuwa nimemwambia pia kwamba asubuhi alikuwa na haki.

Nikamwambia mdogo wangu, "Utasikia joto. Joto kidogo tu. Vumilia."

"Sawa, kaka," akasema.

Kijana akaniuliza mlangoni, "Umemweleza?"

"Yote."

Tulisimama nyuma ya kioo. Kitanda kiliingia kwenye lile duara, kikatoka, kikaingia tena. Kijana akasema kwenye kipaza sauti, "Vuta pumzi. Zuia." Dawa ikaenda. Nilihesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne. Mdogo wangu akapiga kelele, si ya maumivu, ilikuwa kelele ya aibu, akainuka akakaa, mkono wenye kanula akaupeleka chini kuivuta kanga ajifunike mapajani. Kanula ikachomoka. Damu ikaingia kwenye shuka.

"Lala! Lala, dada!" kijana akapaza sauti. Lakini dawa ilikuwa imeshapita.

Nilipomfikia alikuwa analia, anashikashika shuka chini yake. Lilikuwa kavu. Alilishika mara tatu, mara nne, kama mtu asiyeamini mkono wake.

Kijana alinitoa nje. Hakuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akaniuliza tena, mbele ya shangazi, "Kaka, si ulisema umemweleza?"

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa habari hii kama ningekuwa mtu mwingine.

"Nimemweleza," nikasema. "Ana woga. Tangu mdogo ana woga."

Akaandika kwenye karatasi. Nilisoma juu ya bega lake: mgonjwa hakutulia. Shangazi, ambaye alikuwa hajaniongelesha tangu asubuhi, alimgeukia mdogo wangu aliyekuwa anatolewa kwenye kiti cha magurudumu. "Mwanangu, kaka yako kakuleta kutoka Kibiti, kakwambia tulia, wewe unainuka?"

"Alinieleza, shangazi," mdogo wangu akasema. "Alinieleza joto. Mimi ndiye mjinga."

Picha zilikuwa za ukungu pale hasa palipotakiwa kupimwa. Kurudia ilibidi wasubiri figo zipumue, wapime damu tena, wapate nafasi kwenye mashine. Daktari alihangaika, naliandika hili ili nisimdhulumu, alipiga simu mbele yangu. Ijumaa orodha ikafungwa. Wageni walikuja, wakafanya kazi yao wiki moja, wakaondoka. Daktari akasema watarudi mwaka unaofuata, na akampa dawa za kumshikilia.

Mwaka huo shangazi aliigeuza habari ile kuwa kichekesho. Nadhani aliona ndiyo njia ya kuupunguza uzito. Kila penye shughuli, wanawake wakiwa jikoni wanakuna nazi, alikuwa akianza, "Mnamwona huyu mwali? Ameikimbia mashine ya watu! Imempapasa kidogo tu, kainuka!"

"Shangazi wewe!" mdogo wangu alikuwa akisema.

"Si ungevumilia, mwanangu? Na huko kwa mume utakimbia hivyohivyo?"

Kicheko chao nilikisikia uani mara nyingi, nikiwa nimekaa na wanaume wenzangu. Yeye naye alicheka. Maneno yalifika Ikwiriri, yakaongezwa chumvi njiani. Ilipofika kwa wakwe, habari ilikuwa kwamba binti alijikojolea mbele ya madaktari. Mimi nilikanusha kwa ukali. Nilisema, "Shuka lilikuwa kavu, nimeliona kwa macho yangu." Hilo lilikuwa kweli, na nililisema kwa nguvu zote za mtu anayekwepa kusema lingine.

Hakufika mwaka. Alianguka uani, miezi minane baadaye, na safari hii hakuinuka mwenyewe. Tulipomfikisha Dar es Salaam mapafu yalikuwa yamejaa maji na moyo, daktari alisema, umechoka kusukuma. Walimtuliza siku nne, kisha wakampeleka siti skani. Muuguzi mwanamke ndiye aliyeingia naye. Mimi safari hii nilibaki kwenye benchi na faili nilimpa shangazi.

Picha zilitoka safi. Alipotolewa alikuwa na uso wa mtu aliyegundua kitu.

"Kaka, kumbe wote wanasikia vile! Muuguzi kaniambia kabla. Kaniambia utadhani umejikojolea, hujajikojolea. Nikatulia tuli." Akavuta pumzi, maana kusema sana kulimchosha. "Kumbe siku ile na wewe hukuambiwa."

Shangazi alikuwa pale. Aliniangalia. Mdogo wangu naye aliniangalia, na katika macho yake hakukuwa na mtego wowote. Alikuwa ananionea huruma.

"Hawakuniambia," nikasema.

"Mungu atamlipa yule wa miwani!" shangazi akadaka. "Mtu unakaa na kazi ya watu, neno moja linakushinda kusema?" Akaendelea hivyo mpaka lifti ikafika. Kijana wa miwani hatukumkuta tena pale, walisema amehamishwa. Kwa hiyo analaaniwa mpaka leo katika nyumba asizozijua, kwa kosa la mtu anayekaa mkeka mmoja na wanaomlaani.

Upasuaji haukuweza kungoja wageni. Vali ya nyama ya saizi yake haikuwepo, wakaweka ya chuma iliyokuwepo. Amepona, kwa maana ya kwamba anaishi, anatembea, anaendesha duka la vifaa vya shule hapa Kibiti. Ukikaa naye chumba kimoja kukiwa kimya unaisikia vali ikigonga, kama saa ya mkononi iliyowekwa chini ya kanga. Dawa anameza kila jioni, na kila mwezi anakwenda kupima damu. Daktari alimwita peke yake na shangazi, akamwambia kwamba mbali na ile dawa, hata moyo wenyewe ulivyoathirika miezi ile minane hauwezi tena kubeba mimba. Shangazi aliniletea habari hiyo kama alivyoniletea ile ya kanga mbili, kwa njia ya kuzunguka: "Baba, wakwe waambie wasisubiri."

Nilikwenda Ikwiriri mwenyewe. Fundi uashi alilia. Mwaka uliofuata alioa, na mdogo wangu alipeleka zawadi ya sufuria.

Kuna watu hapa mjini wananisifu. Wakiniona nafunga banda kwenda kumchukua kliniki wanasema yule ni baba kweli, kasimama na wadogo zake tangu hajabalehe. Naitikia asante. Kusimama sijawahi kushindwa. Niliweza kusimama na jembe, na boriti mabegani kwenye tope la kiunoni, na usiku wa wodini. Nilishindwa na sentensi moja ambayo kijana mgeni aliisema bila kupepesa macho.

Sasa niseme la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwetu, siku za mwisho za Shaabani, watu wanakula vunjajungu na kuombana radhi kabla ya kufunga. Wadogo wanawafuata wakubwa. Mwezi wa Shaabani wa kwanza baada ya upasuaji, mdogo wangu alikuja bandani na bakuli la wali wa nazi na samaki, akaliweka juu ya kasha la spana, akapiga goti.

"Inuka, utachoka," nikamwambia.

"Ngoja kwanza. Kaka, unisamehe niliyokukosea kwa kujua na kutojua. Na ile ya mashine pia unisamehe. Hawakutuambia, sawa, lakini ningevumilia tu sekunde zile, nisingekutesa hivi."

Nilikuwa na mafuta mikononi mpaka viwikoni. Nikasema, "Nimekusamehe."

Mwaka wa pili alikuja tena, maneno yaleyale, na mimi nikasema nimekusamehe. Mwaka jana nilijiandaa. Tangu asubuhi nilikuwa nikijisemesha chini ya pikipiki za watu. Alipopiga goti nikamshika bega nikasema, "Ile ya mashine, mdogo wangu, ile siku kijana alinivuta pembeni..."

"Kaka, achana na yule kijana, nilishamsamehe naye," akanikatiza, akicheka. "Wewe sema umenisamehe, nimeacha duka wazi."

Vali yake niliisikia, pale pale, kwenye kelele zote za barabara. Nikasema nimekusamehe. Akaondoka.

Hiyo ni mara ya tatu nimemsamehe kosa langu mwenyewe. Kwa shangazi pia nadaiwa, na kwa kijana wa miwani ambaye hata pa kumtafuta sipajui. Lakini la kwanza ni la huyu. Shaabani imeingia wiki iliyopita. Bakuli lake la mwaka jana bado liko bandani, nimetilia nati na skrubu. Atakuja, atapiga goti, ataniomba radhi, na mimi deni lake ninalo bado.